Siku ya Kutoa Nyuzi: Kutoka Kahura hadi Mangina

Uzi ukishonwa kwenye ngozi ya mtu una faida yake na una hasara yake. Faida ni kwamba hushikilia kingo za kidonda zisiachane mpaka mwili uzigandishe wenyewe. Hasara ni kwamba uzi ni kitu kigeni, na mwili haukizoei. Ukitolewa kabla ya wakati, kidonda hufumuka. Ukichelewa, huacha alama: vitone viwili viwili, kimoja kila upande wa kovu, na vistari vinavyoviunganisha, hata kovu likafanana na njia ya reli. Aliyepasuliwa tumbo anaweza kuzeeka na reli hiyo chini ya shati bila mtu kuiona. Aliyeshonwa shavu au mdomo hana nguo ya kuifunikia. Ndiyo maana wapasuaji wa sura, wawe wanatengeneza mdomo wa sungura wa mtoto, kovu la moto, au pua ya mteja mwenye fedha zake, huhesabu siku za nyuzi kwa ukali kuliko wapasuaji wengine wote.

Hesabu yenyewe imetulia siku nyingi. Nyuzi za kope hutolewa kati ya siku ya 3 na ya 5, za uso siku ya 5 hivi, za shingo kabla ya wiki kwisha au inapokwisha, za kichwani kati ya siku ya 7 na ya 10. Tumbo na mgongo husubiri zaidi, na mikono na miguu, hasa penye viungo, hufika siku ya 10 hadi ya 14. Sababu ya tofauti hii ni damu na mwendo: uso una mishipa mingi midogo ya damu na hupona upesi, ilhali goti huvutwa kila mtu anapopiga hatua.

Ugumu uko kwenye saa mbili zisizokwenda pamoja. Ngozi ya juu kabisa hujifunga ndani ya siku 2 za kwanza, lakini kidonda cha wiki moja hakijafikisha hata sehemu moja ya kumi ya nguvu ya ngozi nzima. Kikifika wiki 3 kina kama sehemu moja ya tano, na baada ya miezi 3 kimefika asilimia 80 hivi, nacho hakitavuka hapo sana. Hiyo ni saa ya kidonda. Saa ya uzi hukimbia: chembe za ngozi huteremka kando ya uzi, na wiki ya kwanza inapokwisha zimekwisha kulitandika tundu lake ndani kama bitana ya koti. Tundu lililotandikwa hivyo haliondoki bila kuacha doa. Mwaka 1958 mpasuaji wa Marekani, George Crikelair, alichunguza alama za nyuzi na kuonyesha kuwa zinatokana zaidi na muda uzi unaokaa na jinsi ulivyokazwa kuliko aina ya uzi au sindano. Basi mpasuaji wa sura hushona tabaka la ndani kwa uzi unaoyeyuka, ubaki humo ukibeba uzito, kisha wa juu huutoa mapema na kubandika plasta nyembamba badala yake.

Yote haya yanasikika kama elimu ya hospitali kubwa za ng'ambo. Lakini katika nchi zinazouzunguka mto Semliki, kazi ya kutoa kifungo cha kidonda kwa awamu, siku baada ya siku, iliandikwa na shahidi wa macho kabla hospitali yoyote haijajengwa huko.

Mangina ni mji mdogo wa wilaya ya Beni, mashariki mwa Kongo, kilomita 30 hivi magharibi ya mji wa Beni, mahali ambapo mashamba ya kakao yanaanza kukutana na msitu wa Ituri. Wanande, wanaojiita pia Wayira, ambao ndio wengi kati ya Beni na Butembo, husimulia kwamba wazee wao walivuka Semliki wakitokea Kitara, upande ambao leo ni Uganda. Huko Kitara, katika ufalme wa Bunyoro, mahali palipoitwa Kahura, mwaka 1879 kijana Mwingereza aliyekuwa tabibu wa misheni, Robert Felkin, aliruhusiwa kuangalia mzazi akipasuliwa. Alichokiona alikichapisha Edinburgh mwaka 1884.

Mwanamke alikuwa na umri wa miaka 20 hivi, na ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalegea, akafungwa kitandani kwa vitambaa vya gome la mti. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyohiyo ya ndizi, ambayo Beni na Butembo huitwa kasiksi, akaoshea na tumbo la mgonjwa, kisha akasuuza kwa maji. Alipiga ukelele, umati uliokuwa nje ukaitikia, akapasua kwa mkupuo kutoka karibu na kinena kuelekea kitovuni. Palipotoka damu, msaidizi aligusa kwa chuma kilichotiwa moto. Mtoto akatolewa, mji wa mimba ukakandwa mpaka ukajikaza. Haukushonwa.

Kisha ukaja mshono wa nje, ambao hasa ndio unaohusika hapa. Kingo za ngozi zilikutanishwa, zikapitishwa vijiti 7 vyembamba vya chuma vilivyosuguliwa vikang'aa, na kila kijiti kikazungushiwa uzi imara wa gome la mti. Juu yake ikapakwa dawa ya mizizi miwili iliyotafunwa na kutemwa bakulini, ikafuatia jani la mgomba lililopashwa moto, na mwisho bandeji ya mbugu, yaani kitambaa cha gome la mti, iliyokazwa vizuri. Siku ya 3 asubuhi kikatolewa kijiti kimoja. Siku ya 5 vikatolewa 3. Siku ya 6 vikatoka 3 vilivyobaki. Kila mara kidonda kilisafishwa usaha na kupakwa dawa mpya. Felkin aliandika kwamba siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona.

Ushahidi huu ni wa mtu mmoja, na wanahistoria wamejiuliza maswali juu yake. Hata hivyo hesabu ya vijiti inashangaza kwa jinsi inavyofanana na mazoea ya leo. Muuguzi anayetilia shaka kidonda huanza kwa kutoa uzi mmoja na kuruka mmoja, akaangalia kama kingo zinashika, akamalizia zilizobaki siku nyingine. Mpasuaji wa Kahura alijaribu kijiti kimoja, akangoja siku 2, akatoa 3, akangoja siku moja, akamaliza. Mtu hafiki kwenye mpangilio wa namna hiyo kwa kubahatisha mara moja, na Felkin mwenyewe aliona dalili za kazi iliyozoeleka. Tumbo lililofunguliwa vyuma vyote siku ya 6 leo lingehesabiwa limefunguliwa mapema, lakini bandeji ya mbugu ilibaki kulibana, na bandeji hiyo ilifanya kazi ambayo plasta ya mpasuaji wa sura hufanya siku hizi.

Mshono wa kijiti na uzi wa kuzungushwa haukuwa wa Kahura peke yake. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa katika karne ya 16, alifunga midomo ya sungura kwa sindano iliyoachwa ndani na kuzungushiwa uzi kwa umbo la nane, na njia hiyo iliendelea Ulaya hadi karne ya 19. Ulikuwa ndio mshono wa uso hasa, kwa kuwa sindano inabana kwa nguvu na inachomoka upesi. Mahali pengi duniani, Afrika Mashariki ikiwemo, vimetajwa pia vibanio vingine: miiba iliyochomwa kingo kwa kingo, na siafu aliyeachwa aume kingo mbili za kidonda kisha akakatwa kiwiliwili, kichwa kikabaki kimebana kama pini. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki mapema katika karne ya 11, aliandika juu ya siafu hao.

Upande wa pili wa elimu hii ulikuwa chale. Katika sehemu nyingi za bonde la Kongo, na Waluba wanajulikana sana kwa hilo, ngozi ilichanjwa ili ivimbe na kupendeza kwa macho na kwa kiganja. Fundi wa chale alijua kwamba kidonda kikiachwa kifunge chenyewe upesi hakiachi kitu cha maana, na kwamba kikisumbuliwa, kikatiwa majivu au kukwaruzwa tena, kovu huinuka. Mpasuaji wa sura anakimbia kilekile ambacho fundi wa chale alikitafuta. Uzi uliosahauliwa kwenye ngozi ni msumbufu kama majivu yale, na kwa watu wenye ngozi nyeusi, ambao hupata keloidi zaidi ya weupe, usumbufu huo unaweza kuzaa uvimbe mkubwa kuliko jeraha lenyewe. Masikio, kifua na mabega ndiyo yanayoongoza.

Ulaya yenyewe ilichelewa kutulia katika hesabu hii kwa sababu ya usaha. Kabla Joseph Lister hajachapisha mwaka 1867 njia yake ya kuua vijidudu kwa asidi ya kaboliki, kidonda kilichooza kilikuwa ndiyo kawaida, na uzi ulitoka siku usaha ulipoamua. Palipopatikana usafi, ndipo siku zikaanza kuhesabika. Vita Kuu ya Kwanza ilileta maelfu ya askari wenye nyuso zilizovunjwa, na Harold Gillies, huko Sidcup, Uingereza, akafanya kutengeneza sura kuwa kazi ya ubingwa.

Tiba ya aina hiyo ilifika maeneo ya Beni kupitia misheni. Mwaka 1929 mapadre wa shirika la Assomption walifika Beni, na mwaka huohuo daktari Mmarekani Carl Becker alifika Kongo chini ya Africa Inland Mission. Katika miaka ya 1930 Becker alianzisha kazi Oicha, kaskazini mwa Beni, ikakua kuwa hospitali ya kupasua na kambi ya maelfu ya wagonjwa wa ukoma. Ukoma nao ni ugonjwa unaoharibu sura, na mgonjwa aliyelazwa kambini kwa miezi alikuwa na bahati moja asiyokuwa nayo mkulima wa mbali: siku ya nyuzi ilimkuta palepale.

Mkono uliozitoa haukuwa wa daktari. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 haikuwa na daktari mzalendo mwenye shahada kamili. Walikuwapo wasaidizi wa tiba na wauguzi waliofundishwa kwa miaka mingi. Hao ndio walioshika kibano na mkasi kwenye dispensari za vijijini, na mpaka leo katika Kiswahili cha Kivu neno muganga humtaja muuguzi sawa na daktari. Kazi yao ina kanuni ndogo isiyoonekana na mgonjwa anayekunja uso akisubiri maumivu. Kidonda husafishwa kwanza. Fundo huinuliwa kwa kibano mpaka kitokeze kipande cha uzi kilichokuwa chini ya ngozi, cheupe, kisicho na uchafu. Hapo ndipo hukatwa, karibu kabisa na ngozi, ili sehemu iliyokaa nje kwa siku kadhaa isiburutwe kupita ndani. Kisha uzi huvutwa kuelekea upande wa kidonda, kamwe si kinyume, maana ukivutwa kinyume unafungua ulichokuja kufunga. Kwa uso kazi yote huchukua dakika chache.

Afrika Mashariki upasuaji wa sura ulikuja kwa ndege. Mwaka 1957 wapasuaji 3, Michael Wood aliyekuwa akiishi na kufanya kazi upande huu, mwalimu wake Archibald McIndoe na Mmarekani Thomas Rees, walianzisha shirika lililokuja kuitwa AMREF, lenye makao Nairobi. McIndoe alijulikana kwa kuwatengeneza nyuso na mikono marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Ndege ilimfikisha mpasuaji mahali pasipo na barabara, ikamrudisha. Lakini uzi hausafiri na ndege. Mpasuaji huruka siku ya 1 au ya 2, nyuzi zinatoka siku ya 5, na uzuri wa kovu unabaki mikononi mwa muuguzi aliyeachiwa maelekezo. Tangu hapo tarehe ya kutoa nyuzi imekuwa suala la nani yupo kuliko suala la nani anajua.

Upande wa Kongo, swali la nani yupo liligeuka kuwa la nani amebaki. Uasi wa Simba wa 1964 uliwaondoa wamisionari wengi, Becker akiwemo. Baadaye yeye na wenzake wa misheni mbalimbali walikusanya nguvu Nyankunde, karibu na Bunia, ikawa moja ya hospitali kubwa za mashariki na chuo cha wauguzi. Septemba 2002 Nyankunde ilivamiwa, wagonjwa wakauawa vitandani, na waliookoka walitembea kwa miguu kwa siku nyingi kupita msituni hadi Oicha na Beni. Sehemu ya kazi ya hospitali na ya chuo ilihamia Beni. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya mapanga, shoka na risasi katika wilaya ya Beni yameipa kalenda ya nyuzi sura nyingine. Jeraha la risasi au la panga chafu halishonwi siku ya kwanza. Linasafishwa, nyama iliyokufa inakatwa, linaachwa wazi, na kushonwa kati ya siku ya 4 na ya 7 likiwa safi. Siku ambayo aliyepasuliwa uso kwa hiari yake anatoa nyuzi, majeruhi wa vita ndiyo kwanza anatiwa zake.

Halafu ikaja Agosti 2018. Tarehe 1 ya mwezi huo Wizara ya Afya ilitangaza Ebola katika ukanda wa afya wa Mabalako, na Mangina ndiyo ikawa kitovu. Chanjo ilianza kutolewa hapohapo Mangina tarehe 8. Mpaka mlipuko ulipotangazwa umekwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki, wahudumu wa afya zaidi ya 160 wakiwa miongoni mwa walioambukizwa. Virusi hivyo hukaa katika damu na majimaji ya mwili, na vilisambaa pia ndani ya vituo vya tiba, hasa vile vidogo vya Beni vilivyochanganya dawa za kienyeji na sindano. Jambo dogo kama kutoa nyuzi likawa na uzito mwingine: ni damu kidogo, ni chuma kinachotumika kwa mgonjwa na mgonjwa, ni vidole sentimita chache kutoka usoni mwa mtu. Muuguzi alihitaji glavu, ngao ya uso na maji ya klorini kwa kazi ya dakika 5. Mgonjwa naye alipima hofu mbili, ya uzi kukaa na ya kuingia kituoni kupimwa joto langoni. Februari 2019 vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili daktari wa WHO, Richard Mouzoko, akauawa katika kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Aliyechagua kukaa nyumbani na nyuzi zake hakuhitaji kuwa mjinga.

Nyuzi zinazoyeyuka zimepunguza tatizo bila kulimaliza. Uzi wa utumbo wa mnyama ni wa tangu kale. Ule wa kutengenezwa kiwandani, wa asidi ya poliglikoliki, uliingia sokoni mnamo 1970. Kwa mdomo wa sungura faida yake ni kubwa, kwa kuwa mtoto wa miezi michache hatulii kwa mkasi, na bila uzi wa kuyeyuka wapasuaji wengi hulazimika kumpa dawa ya usingizi mara ya pili ili tu kutoa nyuzi. Lakini uzi huo ni ghali kuliko nailoni, na nailoni, isiyoyeyuka, huuchokoza mwili kidogo tu. Kidonda cha pikipiki kwenye paji la uso, au cha panga lililoteleza kwenye tunda la kakao, bado kwa kawaida hushonwa kwa nailoni na hungoja mkasi.

Imani inayosikika sana vijijini ni kwamba uzi ukikaa zaidi kidonda kinashika zaidi. Kwa goti kuna ukweli kidogo. Kwa shavu hakuna: baada ya wiki uzi hauongezi nguvu yoyote ambayo plasta haiwezi kuitoa, unaongeza reli tu. Pia kuna deni. Katika hospitali nyingi za Kongo mgonjwa hulipia kila tendo, na asiyemaliza bili huweza kuzuiliwa. Anayeogopa kudaiwa hupitisha siku, au humwomba jirani mwenye wembe.

Kwenye karatasi ya kutoka hospitali muuguzi huandika J5, J7 au J10, J ikiwa ni jour, siku kwa Kifaransa. Siku ya kushonwa yenyewe ni sifuri, haihesabiwi kuwa ya kwanza. Aliyeshonwa uso Jumatatu hurudi Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe.